Kishikwambi chenye Unene wa Kaunta Buku

Mwaka ambao mvua zilikawia kuisha, mume wangu alirudi nyumbani Ijumaa moja akiwa na kaunta buku iliyolowa mpaka gamba lake limejikunja. Alikuwa akivuka korongo kwa pikipiki huko kwenye vilima vya Kibakwe. Maji yalikuwa chini ya magoti tu, lakini tairi la nyuma liliteleza kwenye jiwe, akaenda chini pamoja na mkoba. Hakuumia. Pikipiki nayo aliikausha ikawaka. Ila ndani ya mkoba kulikuwa na kazi ya miaka miwili.

Mume wangu ni afisa ugani. Wakulima wanamwita bwana shamba, na mimi nikitaka kumtania namwita hivyo hivyo. Alipopangiwa Kibakwe nilikuwa tayari nimeajiriwa Dodoma mjini, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali, tukakubaliana kwamba atakuja kila baada ya wiki mbili mpaka mambo yajipange. Mambo hayakujipanga. Tulifikisha miaka sita ya ndoa, na mitano kati ya hiyo tuliishi kwa simu na mwisho wa wiki. Mtoto tulikuwa hatujajaliwa. Nyumba yetu ya kupanga kule Majengo, Dodoma, ilikuwa na ukimya ambao niliuzoea kuliko nilivyotaka kuuzoea.

Katika ile kaunta buku alikuwa akiandika majina ya magugu na wadudu, jinsi wakulima wenyewe wanavyoyataja. Chuoni alifundishwa majina ya kitabuni. Alipofika vijijini akaona kwamba akiyatumia yale, watu wanaitikia kwa adabu, kisha wanarudi makwao bila kuelewa walichoambiwa. Kwa hiyo akaanza kuuliza. Gugu hili mnaliitaje? Na huyu mdudu? Na ng'ambo ya mlima wanamwitaje? Kando ya kila jina alichora jani au mdudu mwenyewe kwa kalamu ya wino, mistari michache tu, lakini ukikutana na jani lile shambani unalitambua.

Asubuhi ya Jumamosi nilitoka uani na beseni la nguo nikamkuta amezichambua kurasa moja moja na kuzianika kwenye kamba, kila ukurasa na kibanio chake. Vibanio vilipomwishia alitandaza zilizobaki juu ya mkeka na kuziwekea vijiwe. Wino ulikuwa umetambaa. Majani aliyoyachora yalionekana kama madoa ya chai. Nilirudisha kanga zangu ndani ya beseni, nikakaa chini karibu naye, nikaanza kumsaidia kutenganisha kurasa zilizogandana.

"Hizi za mwanzo zinasomeka," alisema baada ya muda.

"Na za mwaka huu?"

"Za mwaka huu nitawauliza tena."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayesema atarudi dukani kuchukua chumvi aliyoisahau. Lakini nilijua wengi wa watu aliowaandika ni wazee, na mmoja wao alikuwa ameshafariki.

Mwezi uliofuata nilimnunulia kishikwambi dukani. Kilidumu msimu mmoja. Vumbi lilijaa kwenye tundu la chaji, kisha betri ikavimba mpaka kioo kikaanza kuinuka pembeni. Nilipotaka kukifungua nikakuta hakina hata skrubu moja, chote kimebandikwa kwa gundi, na nilipopasha gundi moto ili niifungue, kioo kikapasuka mkononi mwangu. Mimi nimezoea kufungua vitu. Hata mume wangu nilimpata hivyo: aliingia ofisini kwetu na kompyuta ya mapajani ambayo sisimizi walikuwa wamehamia ndani yake, akasimama pembeni kunitazama ninavyowatoa kwa brashi ya rangi, akaniuliza kama nitawaua. Nikamwambia nitawapeleka nje. Wiki iliyofuata alikuja tena, safari hiyo kompyuta ikiwa haina ubovu wowote.

Nilipokitazama kile kishikwambi kilichopasuka nikaamua kwamba kinachofuata nitakitengeneza mwenyewe, na kitafungwa kwa skrubu nne ambazo mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuzifungua. Vitu vyenyewe si vingi: kioo cha kugusa cha inchi saba, betri, gamba, na ndani yake kompyuta ya bodi moja inayoendeshwa na Linux, programu endeshi ya bure ambayo mtu anaweza kuirekebisha apendavyo. Bodi moja maana yake ni kompyuta nzima, ubongo na kumbukumbu na kila kitu, juu ya kipande kimoja cha kijani unachoweza kukifunika kwa kiganja. Nilikuwa nimeshazitumia mbili ofisini. Nilidhani kuchagua bodi ndiyo itakuwa kazi rahisi.

Alipokuja nilimkalisha mezani na karatasi.

"Unataka kifanye nini?"

"Niandike na nichore."

"Na nini kingine?"

Akafikiri. "Kisilowe."

"Ramani hutaki? Video za kuwaonyesha wakulima?"

"Sijui. Labda." Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonitesa miezi minne. "Kiwe chembamba. Kaunta buku inaingia kwenye ule mfuko wa ndani wa mkoba. Kisipoingia mle nitakuwa nakiacha nyumbani, najijua."

Nilichukua kaunta buku mpya aliyoanza kuitumia nikaipima kwa rula. Milimita kumi na nne.

Mjini kuna mzee mmoja anayeuza vifaa vya umeme, Mwislamu wa asili ya Kihindi, aliyerithi duka kwa baba yake, naye baba yake alirithi kwa babu. Kitu asichokuwa nacho anakiagiza Dar es Salaam, na kikifika anapiga simu mwenyewe. Nilikwenda kwake na karatasi yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Safari hii unajenga nini?"

Nikamweleza. Alitoa chini ya kaunta bodi aliyokuwa nayo, ile kubwa ambayo watu wengi huanza nayo, sawa na kitambulisho kwa upana. Ilikuwa na nguvu, kumbukumbu ya kutosha kufungua ramani na video na chochote ambacho mume wangu angekuja kukitaka baadaye. Nilipoishika moyo wangu ulishakubali. Tatizo lilikuwa pembeni: matundu ya kuchomekea waya, yamepangwa mawili mawili kwenda juu, marefu kama unene wa kidole gumba changu. Mzee aliyabana kwa kipimo chake cha chuma akanionyesha. Milimita kumi na sita. Bodi peke yake ilikuwa imeshaipita kaunta buku, kabla ya kioo, kabla ya gamba.

"Hii haitaingia," alisema.

"Nitayatoa hayo matundu. Siyahitaji."

Alinitazama juu ya miwani. "Yamelehemiwa vizuri sana hayo."

"Najua, mzee."

Hakunizuia. Aliifunga bodi kwenye mfuko wake, akaongeza na uzi wa shaba wa kunyonyea lehemu, akisema huo utanisaidia.

Jumamosi ambayo haikuwa zamu ya mume wangu kuja, niliweka bodi kwenye kibanio cha meza nikaanza kuyatoa matundu kwa mashine ya hewa moto. La kwanza lilitoka vizuri, nikajisifu. La pili lilikataa. Nikaongeza moto, nikasubiri, nikalivuta kidogo kwa koleo, likaja, na pamoja nalo vikaja vinjia viwili vya shaba vyembamba kama nywele, vimeng'oka kutoka kwenye bodi. Nilijaribu kuviunganisha kwa waya. Nilijaribu mchana kutwa. Bodi ilipopewa umeme iliwasha taa nyekundu, ikakaa na taa hiyo nyekundu, haikufanya kitu kingine tena.

Wiki nzima sikumwambia. Kila alipopiga simu kuuliza nimeshindaje nilisema salama, nikamuuliza habari za mahindi. Siku ya nane nikashindwa kuendelea.

"Nimeiua bodi," nikamwambia.

Nilisikia mbuzi wa mtu wakipita karibu naye.

"Umeungua?"

"Nini?"

"Mkono. Ulisema ni hewa moto. Umeungua?"

"Sijaungua."

"Basi," akasema, na akaendelea kunieleza juu ya viwavijeshi waliokuwa wameingia upande wa juu wa kijiji. Nilimsikiliza huku nikilia kidogo, na sidhani kama nilikuwa naililia bodi.

Nilirudi kwa mzee wa duka na bodi iliyokufa. Hakuuliza yaliyotokea, alilitazama tu lile tundu lililokosa mwenzake, akaniwekea kiti. Tukaangalia bodi nyembamba. Alikuwa na picha za aina mbili kwenye simu yake, na aliziagiza zote ili nijaribu, moja nitakayoichukua na nyingine nimrudishie. Zilifika siku nne baadaye. Zote mbili zilikuwa nusu ya ile ya kwanza kwa upana, na zote zilibanwa kwenye kile kipimo chake zikasoma milimita tano.

Hapo nikaingia kwenye majaribu mengine. Moja ilikuwa na kumbukumbu mara mbili ya mwenzake, na ilikuwa nyepesi kufungua mambo. Hii nyingine ilikuwa na kumbukumbu kidogo sana, kidogo kuliko simu nyingi za mkononi za siku hizi, lakini imetumiwa na watu wengi kwa miaka, na kila swali nililokuwa nalo lilishaulizwa na mtu mwingine likajibiwa. Nilizijaribu kwa zamu, jioni moja hii, jioni inayofuata ile, kioo kikiwa kimelazwa mezani kati ya sahani na chupa ya chai.

Ile yenye kumbukumbu nyingi iliniteka. Kurasa zilifunguka mara moja. Lakini siku moja ilikubali kuguswa, siku nyingine kioo kilikaa kimya kama hakijui kidole ni nini. Ikilala, mara nyingine haikuamka mpaka uchomoe umeme. Nilitafuta msaada kwenye mtandao nikakuta watu watatu duniani wenye shida kama yangu, na wote watatu walikuwa wanasubiri jibu. Nilijiambia nitaitengeneza mwenyewe. Ni kweli pengine ningeitengeneza, kama ingekuwa inakaa mezani kwangu. Kisha nikamfikiria mume wangu amesimama kwenye mteremko, mkulima mbele yake, akikigonga gonga kioo kilicholala, na fundi yuko Dodoma.

Nilimrudishia mzee ile yenye nguvu. Nikabaki na ile dhaifu inayoamka kila ukiiamsha.

Kuikubali bodi dhaifu kulinifundisha kufanya kazi kwa namna nyingine. Linux unaweza kuipunguza kama mtu anayepunguza mizigo kabla ya safari ya miguu. Niliondoa mapambo, nikaondoa mtandao, nikaondoa muziki, nikaondoa vile vidirisha vinavyojifungua vyenyewe kukukumbusha mambo ambayo hukuyauliza. Nikaacha pa kuandikia, pa kuchorea, saa, na alama ya betri. Herufi nikazifanya kubwa na nyeusi juu ya mandhari nyeupe kwa sababu ya jua. Kila ukurasa nikaufanya ujihifadhi wenyewe kwenye memori kadi, na nakala nyingine kwenye kadi ya pili ndogo, nikiikumbuka ile kamba ya nguo.

Gamba lilitokana na mabaki ya dirisha. Kuna mafundi wa aluminiamu si mbali na sokoni, nikawaomba kipande bapa, wakanikatia, kingo nikazilainisha kwa tupa mpaka zikaacha kukwaruza. Nyuma aluminiamu, mbele fremu ya plastiki, katikati utepe wa mpira kuzuia maji na vumbi, skrubu nne. Nilipokifunga mara ya kwanza nikakipima. Milimita kumi na nne na nusu. Nilikaa naitazama ile nusu. Kisha nikakifungua tena, nikahamisha betri kutoka nyuma ya bodi hadi ubavuni mwake, nikasaga kidogo vile vinguzo vya ndani vinavyoshika skrubu, nikakifunga upya. Kumi na nne.

Kulikuwa na kasoro moja ambayo sikuweza kuiondoa. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kilichukua karibu dakika nzima kabla ya kukupa ukurasa. Nilijaribu kila nilichokijua, nikapunguza sekunde chache, basi. Nilipomkabidhi mume wangu ilikuwa kama namwomba radhi.

"Ni kizito kuwaka," nikamwambia. "Ile bodi niliyoiunguza ingewaka haraka zaidi. Na ramani hakina. Video usijaribu kabisa."

Alikuwa anakigeuza mikononi, upande huu na ule. Alifungua mkoba, akakitia kwenye mfuko wa ndani, kikaingia. Akakitoa, akakitia tena.

"Kimeingia," alisema.

"Umenisikia lakini? Kinachelewa."

"Nimekusikia, fundi."

Sikuridhika. Fundi anapotoa kazi ambayo haimtoshi mwenyewe, anataka aione inavyotumika ili ajue ni wapi itamwaibisha. Nikaomba likizo ya wiki moja na kupanda naye basi Jumapili. Tulipita Buigiri, tukapita Mpwapwa, kisha barabara ikaanza kupanda, hewa ikapoa, na ardhi ikabadilika kutoka rangi ya kutu kuwa nyeusi chini ya mahindi.

Chumba chake nilikuwa nimekiona mara chache, kila mara kwa siku mbili, na kila mara akiwa amekiandaa kwa ajili yangu. Safari hii hakupata nafasi ya kukiandaa. Kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, sufuria ya maharage aliyoyapika Alhamisi ili akirudi ayakute, na kalenda ukutani. Kwenye kalenda alikuwa amezungushia kalamu kila Ijumaa ya kuja nyumbani. Hakuwa amezungushia kitu kingine, hata sikukuu. Alipoona naitazama akaniuliza kama nitakunywa chai ya maziwa au ya rangi, na tukagundua kwamba itabidi tunywe kwa zamu.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa akilima mtama na kunde kwenye mteremko. Mume wangu aliniambia njiani kwamba bibi huyu ndiye aliyempa majina mengi kuliko mtu yeyote, na karibu yote yalikwenda na maji. Tulimkuta amekaa mwisho wa shamba anachambua kunde. Mume wangu alitoa kishikwambi mkobani, akabonyeza kitufe, akakiweka mapajani, ndipo akaanza kusalimia.

"Mbukwenyi," alimsalimia kwa Kigogo, na bibi akaitika.

Mimi nilikuwa nahesabu sekunde kichwani kwa aibu. Nilifika ishirini, wakiwa kwenye habari za nyumbani. Nilifika arobaini, wakiwa kwenye habari za mbuzi mmoja aliyekuwa mgonjwa. Kisha bibi akaulizwa habari za goti lake, akaeleza, na halikuwa jambo la kueleza kwa haraka, maana goti lenyewe lilikuwa na historia. Nilipokitazama tena kishikwambi, ukurasa mweupe ulikuwa umeshafunguka zamani, unasubiri. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akihesabu.

Bibi alikinyooshea kidole. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, alikizungumza polepole, akichagua. "Hiki nini?"

"Ni daftari, bibi," alisema mume wangu. "Mke wangu amelitengeneza."

Bibi alinigeukia. "Wewe?"

"Shikamoo bibi. Ni mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Akauchukua mkono wangu, akaufungua kiganja, akapitisha kidole chake juu yake, kidole kigumu kama mpini wa jembe. "Mkono huu haulimi," alisema.

"Haulimi, bibi."

Akacheka, nikacheka, akanipa konzi ya kunde niendelee kuchambua, na hapo nikawa mtu wa pale.

Mume wangu alikwenda akang'oa gugu ukingoni mwa shamba akaleta. Bibi alilitaja jina. Mume wangu akaliandika, akamsomea. Bibi akamsahihisha. Akaandika upya, akasoma, akasahihishwa tena kwa sauti ya mwisho wa neno, sauti ambayo mimi sikuisikia tofauti yake lakini wao walijua. Kisha akaligeuzia jua mgongo, kofia yake ikafunika kioo, akaanza kuchora jani. Alichora kama alivyochora kwa wino, mistari michache. Alipokosea alifuta, na nikaona anatabasamu mwenyewe, kwa sababu kwenye kaunta buku hakuwahi kuwa na namna ya kufuta.

Walipomaliza gugu la tatu bibi alisema, "Yale yaliyolowa, umeyapata?"

"Machache, bibi. Mengine nilikuwa naona haya kukuchosha."

"Mimi sijachoka." Alisogeza ungo pembeni na kunyoosha mguu wenye goti bovu. "Niulize yote."

Akamuuliza yote. Tulikaa pale mpaka kivuli chetu kikawa kifupi. Kuna waliopita njiani wakasimama kusikiliza, mmoja akabisha jina moja, ikawa mjadala wa dakika nyingi, mume wangu akaandika majina yote mawili. Mdudu mmoja hakuna aliyejua jina lake. Jina lile alikuwa amelitaja yule mzee aliyefariki, peke yake. Mume wangu alimchora mdudu huyo kwa makini kuliko vyote, akaacha nafasi tupu chini yake, akaenda ukurasa unaofuata. Betri ilikuwa bado zaidi ya nusu. Niliigusa aluminiamu kwa nyuma. Ilikuwa na uvuguvugu kama yai lililotoka kuokotwa.

Siku zile saba nilimfuata kila alikokwenda. Nilikuwa nimekuja kuangalia mashine, lakini kufikia Jumatano nilikuwa naangalia mambo mengine: anavyovua viatu kabla ya kuingia nyumba ya mtu, anavyokula kidogo anapokaribishwa mahali ambapo chakula ni kidogo, anavyorudi jioni na kukaa dakika chache kizingitini kabla ya kufungua mlango wa chumba ambamo hakuna mtu. Siku hizo alipofungua nilikuwemo. Nilinunua sahani ya pili na kikombe cha pili kwenye duka la jirani. Alivitazama vile vyombo kwenye rafu kwa muda mrefu kuliko vyombo vinavyostahili kutazamwa.

Ijumaa, tukila, nilimrudia na habari ileile. "Kama ile kubwa ingefanikiwa, sasa hivi ungekuwa na ramani ya vijiji vyote."

"Vijiji navijua," alisema.

"Na ingewaka haraka."

Alimeza kwanza. "Ile kubwa ungekuja kuitazama?"

Nilichukua kikombe changu, nikanywa.

"Miaka mitano," alisema, kwa upole, akinimegea kipande cha kuku, "hii ndiyo mara yako ya kwanza kulala hapa zaidi ya siku mbili. Mimi hicho kifaa nakishukuru hata kikiwaka kesho."

Hakuwa analalamika. Angelalamika ningejitetea, ningemkumbusha kazi na ruhusa na nauli. Kwa kuwa hakulalamika, nilibaki na yale maneno. Miezi minne nilikuwa nimehangaika na milimita, nikizipunguza moja moja ili kitu changu kiwe karibu na ubavu wake, na ni kweli nilifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kutoka Dodoma hadi pale ilikuwa ni safari ya siku moja, na hiyo sikuwahi kuipunguza.

Jumamosi asubuhi, kabla ya basi, nilikiomba kile kishikwambi nikaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Mpwapwa mjini, makao makuu ya wilaya yake. Niliiandika kwa kidole, herufi moja moja, kwenye ukurasa uliofuata baada ya magugu ya bibi. Mume wangu aliisoma akasahihisha neno moja. Niliondoka na nakala yake kwenye kadi nyingine, na nilipofika ofisini niliichapisha na kuipeleka inakohusika.

Majibu yalichukua muda mrefu. Kuna wakati nilidhani barua imepotea, na kuna wakati mkuu wangu aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba fundi kama mimi anajiharibia kwa kuondoka makao makuu. Nilimwambia nimeelewa. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata barua ilirudi imekubaliwa.

Siku ya kuhama nilipita kwa yule mzee wa duka kumuaga. Alinipa kile kipimo chake cha chuma, kimefungwa kwenye gazeti. Nilikataa, akasema macho yake siku hizi hayasomi tena mistari midogo, na kwamba kule niendako nitakihitaji. Nikakipokea kwa mikono miwili.

Sasa tunaishi Mpwapwa. Yeye akienda vijiji vya mbali analala huko siku mbili, tatu, lakini siku nyingi anarudi. Ofisini kwangu kuna kompyuta chache na vumbi jingi. Kishikwambi kiko katika msimu wake wa tatu. Nimekibadilishia betri mara moja, na kona moja imebonyea kwa sababu kilianguka kutoka kwenye pikipiki iliyosimama. Bodi ni ileile.

Wiki iliyopita alirudi mapema kuliko kawaida, mvua ikiwa imeanza. Aliacha buti mlangoni, akaingia soksi zikiwa na maji, akaanza kunihadithia juu ya familia moja ambayo imevuna vitunguu vizuri mpaka wamekosa pa kuviweka, wamevijaza chumba cha kulala, na sasa wanalala sebuleni wote. Nilikuwa katikati ya kufungua printa. Niliweka bisibisi chini, nikavuta kiti kingine karibu na dirisha, nikamwambia aanze tena tangu mwanzo, maana sehemu ya kwanza mvua juu ya bati ilikuwa imeimeza.